Saratani ya figo kwenye tezi ya adrenali: kabla ya kuitoa ya kulia, itafuteni ya kushoto

Swali: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 64. Miaka saba iliyopita alitolewa figo ya kushoto kwa sababu ya saratani, akapona, akawa anahudhuria kliniki kila mwaka. Mwezi uliopita picha ya CT imeonyesha uvimbe wa sentimita 3.6 kwenye tezi ya adrenali ya kulia, juu ya figo iliyobaki. Kwingine wanasema ni safi. Daktari mmoja ametuambia saratani imerudi, itolewe haraka. Mwingine anasema ikishasambaa upasuaji hauna maana, aanze dawa. Baba mwenyewe anakula, anatembea, halalamiki chochote. Tumsikilize nani? Na tezi hiyo ikitolewa, ataishije?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumbani. Kumwona mzee ana nguvu zake halafu picha inasema mengine kunachosha familia nzima. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu madaktari wenu wawili hawapingani kama inavyoonekana. Kila mmoja anamwelezea mgonjwa wa aina tofauti. Lakini kuna swali ambalo halimo kwenye barua yako, na kwangu ndilo la kwanza: miaka saba iliyopita, figo ya kushoto ilipotolewa, tezi ya adrenali ya kushoto ilibaki, au iliondoka pamoja nayo?

Tezi hizi ni mbili. Kila moja imekaa juu ya figo yake kama kofia, na kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 4 au 5 tu. Gamba lake la nje hutengeneza kotisoli, homoni inayoushikilia mwili wakati wa homa, jeraha au njaa, na aldosteroni, inayozuia chumvi isipotelee kwenye mkojo. Kiini chake hutengeneza adrenalini. Aliyebaki na tezi moja yenye afya huishi bila kuhitaji kidonge. Aliyezikosa zote mbili, asipopewa homoni za kufidia, hafiki mbali. Ndiyo maana sipendi kuzungumzia kuitoa ya kulia kabla sijajua habari za ya kushoto.

Wasiwasi wangu una historia. Katika miaka ya 1960 daktari Charles Robson wa Kanada alieneza upasuaji wa kutoa figo yenye saratani pamoja na vyote vinavyoizunguka: mafuta, utando unaoyafunika, matezi ya limfu ya jirani, na tezi ya adrenali ya upande huo. Kwa miongo kadhaa ndivyo wapasuaji walivyofundishwa. Baadaye, tezi zilizotolewa zilipochunguzwa maabara, ikaonekana kwamba ni wagonjwa wachache tu katika kila 100 waliokuwa na saratani ndani yake, na wengi wa hao picha ilikuwa imeshawaonyesha. Kwa hiyo siku hizi, tezi ikiwa safi kwenye CT na mpasuaji haoni kama imeguswa, inaachwa. Hata hivyo, uvimbe ukiwa mkubwa au ukiwa sehemu ya juu ya figo, wapo wanaoitoa mpaka leo, na mazoea ya zamani hayafi kwa siku moja.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja na karatasi ya kuruhusiwa iliyochakaa kwenye mikunjo kwa kubebwa kila kliniki. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana: figo ya kulia imetolewa. Kuhusu tezi, kimya. Tukaitafuta ripoti ya patholojia, yaani ya uchunguzi wa nyama maabara, na kwenye ukurasa wa pili tukakuta imeandikwa kwamba tezi ya adrenali ilikuwemo kwenye nyama iliyopelekwa, na haikuwa na saratani. Tezi nzima, isiyo na kosa, ilikuwa imekwenda, na sasa uvimbe ulikuwa kwenye ile pekee iliyobaki. Mpango wetu wote ulibadilika mchana ule.

Tafuteni basi karatasi mbili: maelezo ya upasuaji wa miaka saba iliyopita, na ripoti ya patholojia ya figo hiyo. Zikikosekana, jibu limo kwenye CT ile ile ya mwezi uliopita. Macho ya wote yalikimbilia kulia; mwombeni daktari wa picha aangalie kushoto na aandike kwa maneno kama tezi ipo au haipo. Ikiwa ipo, bado haitoshi. Damu ya tezi ya kushoto humwagika kwenye vena ya figo ya kushoto, mshipa unaofungwa figo inapotolewa, kwa hiyo tezi inaweza kubaki mahali pake ikiwa imedhoofika. Apimwe kotisoli ya damu asubuhi mapema, na ikiwa haieleweki, afanyiwe kile kipimo cha kuchoma sindano ya kuiamsha tezi na kuona inaitikia vipi.

Sasa, je, huo uvimbe ni saratani kweli? Watu wazima wengi wana vivimbe visivyo na madhara kwenye tezi hizi, vinavyogunduliwa kwa bahati wakipigwa picha kwa sababu nyingine. Kwa kawaida tunavitambua kwa mafuta yaliyomo ndani: kwenye CT isiyo na dawa ya mshipa, ile inayong'arisha picha, uvimbe wenye kipimo cha Hounsfield (namba inayoonyesha nyama ilivyo nzito kwenye picha) cha 10 au chini yake, wa rangi moja kote, huwa ni wa kawaida. Juu ya hapo, hutolewa dawa ya mshipa na kuangaliwa inavyoingia na kutoka. Uvimbe wa kawaida huiachia haraka. Hapa pana mtego ambao ningependa muujue. Aina ya saratani ya figo iliyo nyingi kuliko zote, ile ya seli angavu, nayo ina mafuta ndani ya seli zake na damu nyingi. Ikihamia kwenye adrenali inaweza kuiachia dawa haraka vilevile na kujifanya uvimbe wa amani. Kwa mtu mwenye historia ya baba yako, ripoti ikisema tu kwamba dawa imetoka haraka kwa hiyo ni uvimbe wa kawaida, isiwalaze usingizi.

Kinachonisaidia zaidi kuliko namba hizo ni picha za nyuma. Baba amehudhuria kliniki kila mwaka, na hiyo ni hazina. Zichukueni CT zote, hata za miaka minne iliyopita, ziwekwe sambamba. Kama mahali hapo palikuwa safi mwaka juzi na leo pana sentimita 3.6, nitaamini ni saratani ya figo mpaka ithibitike vinginevyo. Kama uvimbe ulikuwepo tangu mwanzo na ukubwa wake ni ule ule, mazungumzo yetu ni mengine kabisa.

Kuna kipimo kimoja ambacho asiguswe kwa kisu wala sindano kabla hakijafanyika: metanefrini, za damu au za mkojo wa saa 24. Kinatafuta feokromositoma, uvimbe wa kiini cha tezi unaomwaga adrenalini. Ukiuchoma au kuubana bila kumwandaa mgonjwa kwa dawa, presha inaruka ghafla kufikia viwango vya kupasua mishipa ya ubongo. Ni nadra, ila wapo watu, hasa wenye ugonjwa wa kurithi wa von Hippel-Lindau, wanaopata saratani ya figo na feokromositoma kwa pamoja. Wakati huohuo apimwe kama uvimbe unatoa kotisoli kupita kiasi, na kama ana presha, aldosteroni pia. Uvimbe ukiwa unatoa kotisoli nyingi, tezi ya upande wa pili huwa imelala, na itahitaji muda kuamka.

Kuchukua kinyama kwa sindano si lazima kwa kila mtu. Ikiwa uvimbe ni mpya, unakua, na utatolewa tu liwalo na liwe, sindano haiongezi kitu. Inafaa pale jibu lake litakapobadilisha uamuzi, kwa mfano kama familia na madaktari wanaegemea kwenye dawa au mionzi na hakuna nyama ya kuthibitisha. Kabla ya yote apigwe CT ya kifua, maana mapafu ndiyo saratani hii inayapenda zaidi, na mifupa na ubongo viangaliwe kama ana dalili.

Tuje kwa madaktari wenu. Yule wa pili ana hoja nzito kwa mgonjwa aliyefika saratani ikiwa imetapakaa sehemu nyingi. Utafiti wa Ufaransa uitwao CARMENA, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa namna hiyo wenye viashiria vya wastani au vibaya, kuanza na dawa ya sunitinibu bila kutoa figo hakukuwafupishia maisha kulinganisha na waliopasuliwa kwanza. Utafiti huo ulitupunguzia sisi wapasuaji haraka ya kushika kisu, na nashukuru. Lakini mgonjwa wa CARMENA siye baba yako.

Baba yako ana uvimbe mmoja, mahali pamoja, miaka saba baada ya figo kutoka, na mwili wake una nguvu. Hiyo ndiyo sura ya mtu ambaye kutoa uvimbe kunaweza kumpa miaka mingi, na wengine hawaoni tena ugonjwa. Saratani ya figo ina tabia hii ya ajabu: inaweza kulala muda mrefu, hata zaidi ya miaka kumi, kisha ikachomoza kwenye adrenali ya upande wa pili. Inayochelewa hivyo kwa kawaida inakua taratibu. Ingekuwa imerudi miezi minne baada ya upasuaji, au ina vivimbe sita kwenye mapafu pia, nisingekimbilia kisu. Na kama uvimbe ungekuwa upande ule ule wa saratani na umeingia kwenye tezi kwa kuisukuma moja kwa moja kutoka kwenye figo, hapo vinatolewa pamoja siku hiyo hiyo. Hilo halimhusu mzee.

Nikuambie pia udhaifu wa ushahidi wetu, kwa sababu mtasaini fomu ya ridhaa. Hakuna utafiti uliowagawa wagonjwa kwa kura, nusu wakatolewa uvimbe wa adrenali na nusu wakaachwa. Tunachojua kinatoka kwenye kumbukumbu za waliopasuliwa, na waliochaguliwa kupasuliwa ni wale ambao ugonjwa wao ulikuwa mpole tangu mwanzo. Sehemu ya miaka yao mirefu inatokana na kisu, sehemu inatokana na upole huo, na kuzitenganisha hatuwezi.

Ndiyo maana neno "haraka" la daktari wa kwanza nalipunguza. Kama kuna shaka yoyote, kurudia CT baada ya miezi miwili au mitatu si uzembe. Utafiti mmoja wa mwaka 2016 uliwafuatilia wagonjwa waliochaguliwa, wenye saratani ya figo iliyosambaa na isiyo na dalili, bila kuwapa dawa. Nusu yao walikaa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuzihitaji. Miezi hiyo miwili hutuonyesha kama uvimbe mwingine unajificha. Ni afadhali ujitokeze kabla ya upasuaji kuliko wiki ya sita baada yake.

Upasuaji wenyewe. Tangu mwaka 1992, Michel Gagner alipoeleza jinsi ya kuitoa adrenali kwa matundu madogo na kamera, njia hiyo ndiyo ya kawaida kwa uvimbe wa ukubwa wa baba yako, ikiwa haujashika viungo vya jirani. Kuna njia ya mbele kupitia tumboni, na njia ya mgongoni ambapo mgonjwa hulazwa kifudifudi. Ya mgongoni huwafaa sana waliowahi kupasuliwa tumbo, kwa kuwa inakwepa makovu. Lakini baba alipasuliwa kushoto, hivyo upande wa kulia pengine bado ni mwepesi kuingilika. Uvimbe ukiwa mkubwa sana, umeshika ini, au umeingiza ulimi ndani ya mshipa, basi ni upasuaji wa wazi, na mpasuaji anayebadilisha njia katikati ya kazi asionekane ameshindwa.

Upande wa kulia una ugumu wake. Vena ya tezi hii ni fupi, mara nyingi haifiki sentimita moja, na inaingia moja kwa moja kwenye vena kava, mshipa mpana unaorudisha moyoni damu yote ya nusu ya chini ya mwili. Ikichanika pale, damu inafunika kila kitu kabla hujahesabu tatu. Kwa hiyo hapo mkono unapunguza mwendo. Ini linainuliwa, ukingo wa vena kava unafuatwa kidogo kidogo kwenda juu, mpaka rangi ya tezi itokee: manjano iliyokolea, imelala ndani ya mafuta ya manjano iliyopauka. Ukishaiona mara moja huipotezi tena. Vena inabanwa kwa klipu, inakatwa, na chumba kizima kinapumua. Tezi yenyewe haishikwi kwa koleo. Yanashikwa mafuta yaliyoizunguka, kwani ganda la uvimbe likipasuka, mbegu za saratani zinamwagika humo humo. Hutolewa ikiwa nzima ndani ya mfuko.

Chini ya tezi hiyo ndipo ilipo figo ya pekee ya baba yako. Wapo watu wenye ateri ndogo ya ziada inayolisha ncha ya juu ya figo ikipita hapo hapo. Mtu mwenye figo mbili akipoteza ncha hiyo hatajua, mzee atajua. Mpasuaji aitafute kwenye CT kabla. Baada ya upasuaji, maumivu yatulizwe bila diklofenaki wala ibuprofeni. Parasetamoli na dawa nyingine zipo. Muuguzi wa zamu ya usiku huenda hajui kwamba mgonjwa wa kitanda hicho ana figo moja, kwa hiyo aliyelala na mgonjwa aseme, bila kuona haya.

Ikigundulika kwamba tezi ya kushoto haipo, muulizeni mpasuaji kama anaweza kukata uvimbe tu na kuacha kipande cha tezi chenye afya. Inawezekana uvimbe ukiwa mdogo na uko pembeni. Kwa sentimita 3.6 mara nyingi uvimbe umeshaimeza tezi yote, na kuacha kipande chenye mabaki ya saratani ni hasara mara mbili. Mimi huwa tayari kuacha kipande pale tu ninapoona mpaka wazi kati ya nyama mbili. Mionzi inayolengwa kwa usahihi mkubwa, kwa vipindi vichache, ni njia nyingine ya heshima kwa asiyefaa kwa dawa ya usingizi. Isipokuwa msidhani inaihifadhi tezi; nayo inaweza kuidhoofisha.

Ataishije? Kama tezi ya kushoto ipo na inafanya kazi, ataishi kama anavyoishi leo. Kotisoli ipimwe siku chache baada ya upasuaji ili kuwa na hakika.

Kama haipo, haidrokotisoni, dawa ya kufidia kotisoli, inaanza kwenye chumba cha upasuaji, kwa kawaida miligramu 100 kwenye mshipa, kisha inaendelea kwa dripu na kupunguzwa mpaka vidonge. Nyumbani dozi huwa miligramu 15 hadi 25 kwa siku, ikigawanywa mara mbili au tatu, kubwa ikimezwa mara tu anapoamka. Huongezwa fludrokotisoni kwa ajili ya chumvi. Ni vya maisha yake yote. Watu wanaishi navyo vizuri, wanasafiri, wanalima, wanacheza na wajukuu. Hatari inakuja siku ya homa. Tezi yenye afya ingeongeza kotisoli yenyewe. Kidonge hakijui kama mwenye nacho anaumwa. Kwa hiyo akipata homa, dozi inaongezwa mara mbili au tatu kama daktari wake alivyomwelekeza, mpaka apone. Akitapika na vidonge havikai tumboni, asisubiri asubuhi: ni sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na hospitali usiku huo huo. Dalili za kupungukiwa kotisoli ni udhaifu usio wa kawaida, kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kizunguzungu akisimama, presha kushuka. Kinachoniuma ni kwamba dalili hizo zinafanana na magonjwa ya kila siku, na mgonjwa hupewa dawa ya kitu kingine huku anazama. Abebe kadi mfukoni inayosema hana tezi za adrenali, na ninyi watoto mjifunze kuchoma sindano hiyo kwenye msuli wa paja. Inafundishika kwa nusu saa.

Kuhusu dawa baada ya upasuaji: pembrolizumabu, tiba inayoamsha kinga ya mwili, imeonyesha faida kwa waliotolewa figo wakiwa katika hatari kubwa ya ugonjwa kurudi. Utafiti huo, KEYNOTE-564, uliwajumuisha pia waliotolewa uvimbe uliosambaa, ila kwa sharti la kutolewa ndani ya mwaka mmoja tangu figo itoke. Baba wa miaka saba hakuwemo humo. Kwake ningeegemea kumfuatilia kwa CT kila baada ya miezi mitatu hadi sita mwanzoni, na kuziweka dawa kama akiba. Siku akizihitaji, daktari wa saratani akumbushwe kwamba dawa za kundi hilo huweza kuishambulia adrenali yenyewe, au tezi ya kwenye ubongo inayoiamuru. Mwenye adrenali moja hana ya kupoteza.

Mkirudi kliniki, ombeni madaktari wote wawili, pamoja na daktari wa homoni na wa picha, wakae meza moja na CT za miaka yote. Muulizeni mpasuaji ameshatoa adrenali ngapi za upande wa kulia, na nani atakuwa anaandika dozi ya haidrokotisoni wiki ya kwanza. Na mwulizeni baba mwenyewe anataka nini. Katika barua yako yote hilo sijalisikia.